Mwenye Kutenda

Jumatatu tarehe 7 Machi 1949, saa tatu kasorobo asubuhi, tarishi aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa korti, akafungua mkoba na kumwekea karani faili mezani. Faili hilo lilikuwa limetoka kwa afisa wa wilaya. Ndani yake mlikuwa na alama kumi na saba za penseli nyekundu.

Korti yenyewe ilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, kando ya barabara inayopanda kwenda Ikonge. Wazee wanne walikaa humo kila Alhamisi kusikiliza mashauri ya mipaka, mahari na ng'ombe, na waliyasikiliza kwa Kikisii. Karani Jeconia Odero hakuwa mtu wa huko. Kwao kulikuwa upande wa ziwani, na Kikisii alichokuwa nacho ni kile cha sokoni. Palipomzidi, mzee Angwenyi, mkuu wa wale wazee, alimgeuzia maneno kwa Kiswahili. Jeconia aliandika Kiswahili hicho katika daftari, na siku ya pili yake akakaa peke yake kukigeuza kuwa Kiingereza cha afisa, kwa maana shauri lolote lenye kifungo kirefu halikuwa la wazee kuamua. Afisa alikuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote alisoma tu.

Afisa huyo alikuwa mwalimu wa shule kwao Uingereza kabla ya vita. Pembeni ya kila alama alikuwa ameandika maneno yale yale: si sentensi. Mahali pengine aliongeza neno moja: nani? Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na barua fupi, na tarishi alikuwa ameagizwa isomwe mbele ya wazee, nao wakaitwa ingawa haikuwa Alhamisi. Jeconia aliisoma mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuisoma. Ilisema karani ameonywa mara mbili. Kwamba kumbukumbu zake ni vipande vya maneno visivyo na mwenye kutenda. Na kwamba kikionekana kipande kimoja zaidi, kazi yake na nyumba yake atapewa mtu mwingine.

Kisha Angwenyi akauliza kama yawezekana mtu mwenye ndevu, aliye na mtoto wa darasa la nne, kufelishwa shule mara ya pili.

"Yawezekana, mzee," Jeconia akasema.

"Basi pole, mwanafunzi."

Tarishi alitoka akicheka, na alikuwa bado anacheka alipopanda baiskeli.

Nyumba ya karani ilikuwa hatua hamsini nyuma ya korti: vyumba viwili, sakafu ya saruji, jiko la nje. Mkewe, Benter Anyiko, alikuwa amepata hapo vitu vitatu ambavyo hakuwa navyo nyumbani kwa mama mkwe wake: mlango wa kufunga kwa ufunguo, shule ambayo binti yao Syprose aliifikia bila kuvuka mto, na soko. Kila wiki lori liliteremsha magunia yake mawili ya omena kutoka ziwani, naye akayauza Ikonge kwa kikombe. Jioni hiyo Jeconia alimweleza habari ya barua huku akila. Benter aliuliza kipande ni nini. Jeconia akasema ni jambo gumu kueleza, akaomba maji ya kunawa.

Kabla taa haijawashwa alimwita Syprose na kitabu chake cha sarufi. Mwalimu alikuwa amempa mistari ishirini ya Kiingereza atenge sentensi kamili na vipande. Jeconia alisoma mmoja mmoja kwa sauti, akiugeuza kwa Kiswahili, na Benter aliyekuwa akisugua sufuria mlangoni aliona kuwa si mtoto aliyekuwa akifundishwa.

"Ng'ombe wa jirani katika shamba la mtama," alisoma.

"Kipande," Syprose akasema. "Ng'ombe yupo, lakini hajafanya kitu."

"Na huu? Wamesema kuvunja mtungi na kukimbia, lakini mtu hawakumweka."

"Kipande, baba. Kitu kimefanyika, aliyefanya hayupo."

"Utaukamilisha vipi?"

Syprose alifikiri kidogo. "Naweka mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Mwalimu hajali ni nani. Anataka awepo tu."

Jeconia akamwambia ni sawa, akampa alama ya vema.

*

Ghala la wimbi la Ondieki lilikuwa limeteketea tarehe 3 Machi, jua likitua. Ondieki alikuwa katika mwaka wa tatu wa ugomvi wa mpaka na jirani yake, mzee Machogu, na alikuja kortini Alhamisi iliyofuata akidai moto umetoka upande wa pili. Boma la Machogu lilikuwa na watu wachache. Nyumba ya juu ilikuwa yake. Mwanawe mkubwa alikuwa kibarua katika mashamba ya chai ya Kericho, na mke wa mwana huyo, Nyangate, alikaa nyumba ya chini karibu na mpaka. Mwana wa mwisho, Omwenga, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye hakuwa ameoa, alilisha ng'ombe. Watu walisema Nyangate ameona. Akaitwa.

Alisimama katikati ya korti, mikono ameikunja tumboni. Mzee Machogu hakuingia. Alikaa nje kwenye nyasi, mkabala na mlango, fimbo magotini. Nyangate alisema kwa sauti ya chini na bila kusita, na Jeconia akaandika jinsi Angwenyi alivyomgeuzia. Jua lilikuwa linatua. Nilikuwa nasaga wimbi mlangoni. Omwenga alikuwa amerudisha ng'ombe, anawafunga. Alitoka na moto kwenye kigae. Akapita nyuma ya nyumba yangu. Akavuka mpaka. Kisha nikaona moshi.

Jeconia aliinua kalamu. "Nani alitoka na moto?"

Angwenyi alimgeuzia mama yule swali polepole, kama mtu anayetumwa kitu asichokitaka. Nyangate alitazama sakafu.

"Nimesema," akajibu.

Mzee mmoja alikohoa. Ondieki, aliyekuwa ameunguliwa na ghala na ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, alifunga mdomo. Huko nje Machogu aligeuza fimbo yake ncha juu chini.

"Mzee, sijapata jina," Jeconia akasema.

"Andika alivyosema, karani. Sisi tumesikia."

Wazee walishauriana muda mfupi, wakasema mambo ya kuchoma moto ni ya afisa. Korti ikafungwa saa saba.

Kesho yake Ijumaa Jeconia alikaa na daftari mbele yake. Kwa Kiswahili maneno yalikuwa yamejitosheleza. Alitoka na moto: mtu yumo ndani ya neno lenyewe, hakuna anayemwulizia. Kwa Kikisii ilikuwa vile vile. Kwa Kiingereza ilikuwa lazima kwanza aamue kama ni mwanamume au mwanamke, na akishaamua, afisa angeuliza ni mwanamume gani. Katika faili lililorudi aliuliza hivyo mara sita. Jeconia alizihesabu tena. Kisha akarudi kwenye daftari kutafuta jina lililo karibu. Lilikuwa moja tu, mstari wa juu yake: Omwenga, aliyekuwa akifunga ng'ombe. Alikuwa kijana, alikuwa nyumbani saa ile, na damu ya vijana ni moto. Tarishi alikuwa ameshasimama mlangoni akisema mvua inakuja.

Jeconia aliandika: Omwenga alitoka na moto kwenye kigae. Akasoma ukurasa mzima toka juu. Hapakuwa na kipande hata kimoja. Alikausha wino, akafunga faili kwa kamba, akampa tarishi.

*

Jumatano tarehe 16 Machi, askari wawili wa utawala, wale walioitwa askari kanga, walifika bomani kwa Machogu na karatasi ya afisa, wakamchukua Omwenga malishoni. Aliuliza ng'ombe atawaacha na nani. Wakamwambia ng'ombe hawakutajwa. Alifungiwa chumba cha mahabusu kilichokuwa upande wa nyuma wa korti, akanyolewa kichwa, akapewa fulana isiyo na mikono.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa mtaa walisikia kwamba afisa amemtaka Omwenga, wakajua afisa anasoma karatasi ambazo wao hawazisomi, na serikali ina njia zake. Mzee Machogu alikuja kila siku saa sita na chakula kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akakipitisha kwa askari, akakaa kwenye nyasi mpaka saa kumi, akarudi juu.

Mahabusu hawakukaa bure. Ilikuwa desturi ya korti hiyo tangu karani wa zamani kwamba aliyefungiwa hufyeka uwanja na kuchota maji ya nyumba ya karani. Kwa hiyo kila asubuhi saa moja Omwenga alisimama mlangoni kwa Benter na debe kichwani, askari nyuma yake. Benter alimwonyesha pipa. Siku ya kwanza alimimina na kwenda. Siku ya tatu alipomaliza alipangusa uso kwa kiganja.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha shule, "mwambie karani aandike pia kwamba nachota maji. Hili nimelifanya kweli."

Askari akacheka. Benter hakujua aseme nini, akamwuliza kama amekunywa uji. Askari akasema mahabusu hapewi uji wa nyumba. Basi.

Jumanne ya wiki iliyofuata, Benter akiwa sokoni Ikonge, Nyangate alikuja akasimama mbele ya magunia yake. Hakununua. Alisubiri wanunuzi wapungue, akachutama, akaanza kuokota omena waliomwagika na kuwarudisha mmoja mmoja kwenye kikombe. Wanawake hao wawili walizungumza Kikisii. Cha Benter kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, kwa kuwa yeye alikitumia kupata kula.

Nyangate alisema amesikia kwa askari jinsi maneno yake yalivyoandikwa. Alisema hakutaja jina la shemeji yake ila kwa kumwambia karani kwamba shemeji huyo alikuwa anafunga ng'ombe, na mtu anayefunga ng'ombe hawezi kuwa anapita na moto. Benter akamwuliza kwa nini basi hakumtaja aliyepita. Nyangate aliinua kidevu kidogo kuelekea mlimani, upande wa boma lao, mahali pa nyumba ya juu, akashusha macho.

"Huyo mimi nitamtaja kwa mdomo upi?" akauliza. "Mimi ni mkaza mwana wake. Tuna chinsoni."

Benter hakuhitaji kuelezwa zaidi kuhusu chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mkwe na mkaza mwana. Mzee huyo hakupata kuingia nyumbani kwa Nyangate hata siku ya matanga ya mtoto wa mama huyo. Alisimama uani, Nyangate akabaki ndani. Hawakupeana kitu mkono kwa mkono. Jina la mzee halikupita kinywani mwa Nyangate siku alipoolewa wala siku yoyote baadaye. Kila mtu kortini, isipokuwa mmoja, alikuwa amesikia jina hilo Nyangate alipolinyamazia.

"Wazee walijua," Benter akasema.

"Ondieki mwenyewe alijua. Aliona aibu kwa niaba yangu."

Nyangate aliweka omena wa mwisho kwenye kikombe, akainuka, akaenda zake.

*

Benter alimwambia mumewe jioni hiyo hiyo, akiwa bado na harufu ya samaki mikononi. Jeconia alisikiliza mpaka mwisho. Alisema alimwuliza shahidi, na shahidi hakujibu. Alisema yeye si Mkisii, na mambo ya watu wa hapa hakuandikiwa popote.

"Baba Syprose," Benter akasema, "miaka kumi na miwili niko kwenu. Baba yako anaitwaje?"

"Unajua anavyoitwa."

"Najua. Umewahi kunisikia nikimwita?"

Jeconia alitafuta. Alikuta mzee, alikuta baba yako, alikuta yule wa kwenu. Jina hakulikuta. Alikuwa ameishi na ukimya huo miaka kumi na miwili na hakuwa ameona kwamba upo.

Akasema akirekebisha, afisa atajua kwamba karani wake hutoa majina kichwani mwake, na hilo ni kubwa kuliko kipande. Benter akasema analielewa hilo. Akaorodhesha, bila kupandisha sauti, watakavyoishi: chumba cha nyuma kwa mama mkwe, Syprose kuvuka mto kwenda shule au kutokwenda, yeye kurudi kulima. Akamaliza. Jeconia alimwuliza kwa hiyo anasemaje.

"Mimi sijasema. Nimekupa habari. Kesho atakuja na debe, na mimi ndiye nitakayemfungulia."

Ijumaa Jeconia alimfuata mzee Angwenyi nyumbani kwake, akamkuta anachonga mpini wa jembe. Hakupewa kigoda. Alisema amefahamu ushahidi wa Nyangate ulikuwa na maana gani, na akauliza kwa nini mzee hakumwambia.

"Nilikuambia uandike alivyosema."

"Katika alichosema hapakuwa na mtu."

"Alikuwepo. Sote tulimwona, alikuwa amekaa kwenye nyasi." Angwenyi alipuliza unga wa mti kwenye mpini. "Wewe ndiwe mwenye wino, karani. Sisi tuna masikio tu."

Jeconia aliuliza kama Machogu hawezi kusimama mwenyewe akasema ni yeye. Angwenyi akajibu kwamba mzee yule haelewi kuwa kuna kosa lililofanyika katika kuandika. Anadhani serikali imechukua mtoto badala ya baba, kama ilivyokuwa zamani mtu wa nyumba akishikwa kwa kosa la nyumba. Anangoja aambiwe atoe nini ili amkomboe. Kila siku hukaa pale akingoja aambiwe, na hakuna anayemwambia.

"Mwambie wewe, mzee."

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe amefungwa na kalamu?" Angwenyi akarudi kwenye mpini wake.

*

Alhamisi tarehe 31 Machi afisa alitarajiwa saa tatu. Saa moja Omwenga alileta maji. Benter alipiga pasi shati la mumewe kwa makaa yaliyobaki ya chai, akampa likiwa na joto.

"Lori linapita Jumanne," akasema. "Ukirudi niambie kama nipokee magunia, au nisipokee."

Jeconia akavaa shati.

Afisa aliketi mahali pa Angwenyi, wazee wakasogea kwenye benchi. Omwenga alisimama kati ya askari. Aliulizwa kama alichoma ghala la Ondieki, akasema hakuchoma. Aliulizwa ni nani basi, akatazama ukuta. Mtoto hamshtaki baba yake, na hilo hakulisema pia. Afisa alipindua kurasa. Alisema kumbukumbu za safari hii zimeandikwa vizuri, anaona karani amesikia. Kisha akaagiza Nyangate aitwe asomewe maneno yake, ili athibitishe.

Jeconia alisoma kwa Kiswahili, na Angwenyi akageuza. Jua lilikuwa linatua. Nilikuwa nasaga wimbi mlangoni. Omwenga alikuwa amerudisha ng'ombe, anawafunga. Alipofika kwenye mstari wa nne sauti yake haikubadilika. Omwenga alitoka na moto kwenye kigae. Angwenyi alimtazama karani, halafu akageuza mstari kama ulivyosomwa.

"Ndivyo alivyosema?" afisa akauliza.

Nyangate alitazama sakafu. Akisema sivyo, ataulizwa nani. Nje, mkabala na mlango, Machogu alikuwa amekaa mahali pake na chakula cha saa sita pembeni. Afisa alingoja. Aliangalia saa yake.

"Karani," akasema, "andika kwamba shahidi amesomewa maneno yake naye hakuyakana."

Jeconia alichovya kalamu. Aliandika mistari miwili, polepole, akaweka nukta, akakausha wino na kusukuma karatasi mezani mpaka mbele ya afisa. Afisa alisoma. Alitoa penseli nyekundu mfukoni kwa mazoea, akaishika, asiitumie.

Mistari hiyo ilisema: Mimi, Jeconia Odero, niliandika jina la Omwenga. Shahidi hakulitaja.

"Hii ni kweli?"

"Ni kweli, bwana."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Sentensi haikuwa na mwenye kutenda, bwana. Niliogopa kurudishiwa."

Afisa hakupandisha sauti. Alimwuliza Nyangate, kupitia kwa Angwenyi, ni nani aliyemwona na moto. Nyangate akasema amekwisha kusema. Aliwauliza wazee kama wao walisikia jina siku ile.

"Tulisikia alivyosema," Angwenyi akajibu.

"Alimtaja nani?"

"Alisema alivyosema, bwana."

Afisa aliwatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, na wote wanne wakamtazama. Ondieki alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema hana. Saa tano na dakika ishirini afisa aliandika kwamba hakuna ushahidi dhidi ya mtu yeyote, shauri limefungwa, mahabusu aachiliwe. Omwenga aliambiwa avue fulana ya serikali pale pale. Hakuwa na nguo nyingine; aliyokamatwa nayo ilikuwa imepotea. Alitoka kifua wazi, akapita mbele ya karani bila kumtazama, akaenda akaketi kwenye nyasi kando ya baba yake. Machogu alifunua chakula. Omwenga akala.

Afisa aliandika karatasi nyingine, fupi, akampa Jeconia. Ilimpa siku saba ahame.

Benter alikuwa uani akianika mboga. Alimwona mumewe akija na karatasi mkononi, akasimama.

"Usipokee," Jeconia akasema.

Benter alimaliza kuanika mboga zilizobaki kwenye ungo. Kisha akaingia ndani kutafuta kamba.

*

Waliondoka Alhamisi tarehe 7 Aprili, saa tatu asubuhi. Karani mpya alikuwa amefika jioni iliyotangulia na kulala kortini. Benter alimkabidhi ufunguo, akamwambia pipa limejaa, na kwamba maji amechota yeye mwenyewe. Jeconia alibeba sanduku la bati. Benter alibeba kitanda kilichofunguliwa vipande, na Syprose masufuria na vitabu. Hakuna mzee aliyekuja kuwaaga. Tarishi aliwapita njiani na mkoba wake, akashuka kwenye baiskeli, akaisukuma hatua chache kwa heshima, akapanda tena.

Njia ya kwenda Ikonge kungojea gari la ziwani ilipita katikati ya boma la Machogu na la Ondieki. Mahali ghala lilipoungua palikuwa pamesimamishwa nguzo mpya, fito zimezungushwa, na paa la nyasi limefika nusu. Omwenga alikuwa anachimba mfereji wa maji kulizunguka. Ondieki alikaa kwenye kigoda akionyesha kwa kidole mahali ambapo nyasi ni nyepesi. Mzee Machogu alikuwa juu ya ngazi akifunga nyasi kwa kamba za magome, na alikuwa akifungua na kufunga upya kila mahali Ondieki alipoonyesha.

Jeconia alitua sanduku ili abadilishe bega. Hakuna aliyemsalimu, naye hakusalimu.

Nyangate alitokea upande wa chini na mzigo wa nyasi kichwani. Alifika karibu na ngazi, akautua chini, akarudi nyuma hatua kumi, akageuza uso. Machogu aliteremka, akauchukua, akapanda. Alipofika juu Nyangate aligeuka, akaenda kuleta mwingine.